Jinsi Nilivyomchanulisha Kibeti

Jumanne, 4 Novemba

Mke wangu ameondoka asubuhi. Amekwenda kumuuguza shangazi yake aliyepasuliwa goti. Siku kumi na mbili! Ameniachia chakula cha siku mbili, funguo za kabati na amri moja. Kibeti apewe maji asubuhi na jioni. Maji tu. Mkasi nisiuguse, nisiusogelee, hata kuuota nisiuote. Nikamwambia mimi si mtoto mdogo. Akanitazama, akapanda basi.

Kibeti ni mti. Naandika wazi, nikifa leo watu wasidhani niliachiwa binadamu. Ni bonsai, kimo chake hakizidi kiti cha jikoni, ana miaka thelathini na mmoja na anaishi kwenye chungu bapa chenye udongo usiojaza ndoo. Jina lake la kitaalamu halikai mdomoni. Muuza miche anauita mkrepi, kwa sababu maua yake ni ya waridi na yana makunyanzi kama karatasi ya shashi iliyofinywa mkononi. Marehemu baba mkwe aliukuza tangu kijiti. Akaupogoa, akaupinda kwa waya, mpaka ukawa na sura ya mti mkubwa unaouona kwa mbali. Tangu afariki, mwaka wa pili huu, haujatoa hata ua moja.

Sasa wanawe wawili wanautaka. Wa kwanza mke wangu. Wa pili kaka yake, Shemeji Miwani, mpima macho, mtu anayekutazama kana kwamba una kasoro na yeye anajua namba yake. Mama mkwe akaikata kesi. Kibeti akae kwetu msimu huu. Akichanua kabla ya Jumapili ya tarehe 16, ni wa binti. Asipochanua, anahamia kwa Shemeji. Na Shemeji ameshamjengea meza ya saruji! Mgonjwa bado anapumua, mwenzetu ameshaleta sanda.

Kila asubuhi mke wangu humsalimia Kibeti kwanza, mimi wa pili. Silalamiki. Ni kitu pekee cha baba yake ambacho bado kinakua. Akichukuliwa, nyumba hii itanyamaza. Hilo silitaki. Na kwa kuwa daftari hili halisomwi na mtu, niandike na la pili: nataka Mama mkwe aniite mkwe. Miaka kumi na tisa mimi ni "yule fundi viatu." Siku kumi na mbili zinatosha kubadili jina.

Jumatano, 5 Novemba

Nimemkagua Kibeti. Majani mengi. Kwenye ncha za vitawi ana vinundu vya kijani, kama punje za pilipili manga. Maua hakuna. Na siku zinakwenda. Subira huvuta heri, sawa, lakini tarehe 16 haivutwi.

Nikaenda kwa muuza miche. Nikauliza kwa ujanja, kama ninayemuulizia rafiki, mkrepi huchanua sehemu gani. Akasema kwenye chipukizi jipya. Mti wa zamani hautoi kitu, ndiyo maana watu huupogoa. Alikuwa bado anaongea nilipofika getini. Watu wa miche wana maneno mengi, ukimsubiri mmoja amalize utaota mizizi.

Chipukizi jipya! Basi vitawi vya zamani vitoke. Miaka yote hii watu wanamwagilia maji, hakuna aliyefikiri. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na mimi leo nimeziona zangu.

Alhamisi, 6 Novemba

Kazi imefanyika. Mkasi wa kupogolea mke wangu amejua pa kuuficha. Hakujua kwamba mwenye karakana ya viatu hakosi mkasi. Nimetumia ule wa kukatia ngozi. Unakata soli, sembuse kijiti.

Nimekata ncha zote. Sabini na tatu! Vinundu vyote vya kijani chini, nimefagia, nimetupa. Limebaki tawi moja la nyuma tu. Chungu kimeegemea ukuta wa baraza, ni kizito, na tumbo langu halikuingia kati ya chungu na ukuta. Nani ataangalia nyuma? Kibeti sasa amenyolewa kama askari aliyeanza mafunzo juzi. Safi. Nangoja chipukizi.

Ijumaa, 7 Novemba

Amekuja Shemeji Miwani. Eti alikuwa anapita. Mtu anaishi upande wa pili wa mji, atapitaje hapa? Akataka kumjulia hali Kibeti. Nikamkaribisha kwa fahari.

Akachuchumaa. Kisha akaniuliza, kwa upole sana, vile vinundu vya kijani vimekwenda wapi. Nikasema vimekatwa. Akauliza vyote? Nikasema vyote, mimi sifanyi kazi nusu nusu. Akasimama, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akanishukuru. Miaka kumi na tisa hajawahi kunishukuru.

Alipofika getini ndipo aliponieleza. Vile vilikuwa vitumba. Maua yenyewe, yakiwa yamefungwa. Yangefunguka baada ya siku nane, tisa hivi. Akasema Jumapili ya tarehe 16 atakuja na toroli.

Sikula chakula cha mchana.

Jumamosi, 8 Novemba

Nimerudi kwa muuza miche. Nikamwomba amalizie ile sentensi yake ya Jumatano. Akaimalizia. Chipukizi jipya ndilo linalochanua, ndiyo, na ukiupogoa leo utasubiri wiki nane. Kwa hiyo usiupogoe ukiwa umeshaweka vitumba. Akauliza yule rafiki yangu ameshaukata? Nikasema rafiki yangu ni mtu mwenye pupa. Akasema mwambie pole.

Wiki nane! Hiyo ni Januari.

Nimejaribu mbolea. Nimejaribu kumsogezea taa. Nimejaribu kumwomba. Nimejikuta nimesimama mbele ya chungu nasema tafadhali.

Jumapili, 9 Novemba

Mke wangu amepiga simu. Goti la shangazi linaendelea vizuri. Akauliza hali ya Kibeti. Nikasema amebadilika sana. Si uongo.

Kumbe alikuwa na siri. Siku ile ya kuondoka aliona vitumba, akavihesabu, vimezidi sabini. Hakumwambia mtu, hata mimi, kwa kuogopa kijicho. Akasema, "Mume wangu, nikirudi nitavikuta vimefunguka. Baba atakuwa amenijibu." Kisha akalia kidogo, kilio cha furaha. Nami nikamsaidia kulia. Alidhani nimeguswa.

Nimekaa kwenye kigoda cha karakana, sijashona kitu. Roho inaniuma kweli. Mwanamume mzima, umepewa kazi ya maji tu, imekushinda. Nikafikiria kumpigia nimwambie yote. Nikaishika simu. Nikaiweka. Kusema kweli ni vizuri, lakini mtu akiwa na siku saba mkononi hawezi kuanza na hilo.

Jumatatu, 10 Novemba

Balaa haliji peke yake. Leo shina la Kibeti linabanduka! Gome linatoka vipande vipande, chini kumebaki mwili laini, mweupe. Nimemuua. Nilijua nimemuua. Mti wa miaka thelathini na mmoja unanifia mkononi.

Kuhangaika hakumsaidii maiti. Nimeokota vipande vyote, nimevipanga kwa umbo, nimevibandika kwa gundi ya viatu. Vingine nimevifunga kwa uzi wenye nta. Kazi nzuri sana. Ukipapasa huhisi kiungo.

Saa kumi muuza miche akaja kuchukua buti zake. Akapita barazani, akamwona Kibeti, akasimama. Ikabidi nikiri kwamba yule rafiki ni mimi. Hakushangaa. Akanieleza kwamba mkrepi huvua gome kila mwaka, ndio uzuri wake, watu hukaa wakalisubiri. Akasema mti unavua nguo kuukuu, wewe umeufukuza na gundi uuvalishe tena. Alicheka mpaka akasahau buti moja. Nitampelekea. Au atakuja mwenyewe, hatatembea na moja.

Basi Kibeti ni mzima. Furaha! Lakini bado hana maua.

Jumanne, 11 Novemba

Nimepata!

Nilikuwa natoa viatu vipya vya mteja kwenye boksi. Ndani mna karatasi ya shashi, ile laini wanayojaza kiatuni. Nikaifinya niitupe. Nikaitazama mkononi. Ni ua la mkrepi! Makunyanzi yale yale. Kilichopungua ni rangi, na rangi ninayo, ile ya maji ya kupaka viatu vya kike. Matone matatu kwenye bakuli, chovya, anika, finya, funga kwa uzi.

La kwanza lilifanana na kidonda. La tano lilifanana na ua. La kumi nililiona nikajisahau, nikalinusa. Linanuka kiatu, lakini nani ananusa?

Mpango ni huu. Mama mkwe haoni vizuri mbali, na kwa miwani aliyopewa na mwanawe haoni vizuri karibu. Akae hatua nne, anywe chai, aone waridi, aseme ndiyo. Wakishaondoka, naondoa shashi, namwambia mke wangu yamepukutika. Maua hupukutika. Januari yanakuja ya kweli, na hakuna aliyeumia.

Alhamisi, 13 Novemba

Maua arobaini na sita. Viatu vya watu vimelundikana mlangoni. Mwalimu mkuu amekuja mara mbili kuulizia vyake, amenikuta nafinya shashi za waridi. Akauliza kama nimebadili kazi. Nikasema ni oda. Akaniambia kwa heshima zote kwamba kesho ana mkutano na hawezi kwenda na kandambili.

Mchana, Shemeji Miwani tena. Nilimwahi, nikamfunika Kibeti kwa shuka. Akauliza mti umefanya nini hata umevaa shuka. Nikasema anapigwa na upepo. Hakukuwa na upepo. Akanitazama usoni, akanitazama mikononi. Vidole vyangu vyote kumi vya waridi! Nikaviweka mfukoni, nikachafua suruali.

Aliuliza tu kama siku hizi Kibeti anaogeshwa. Nikasema anapewa maji kwenye udongo, haogeshwi. Akatikisa kichwa kama daktari, akaaga. Sijui kwa nini aliuliza. Labda ana huruma.

Jumamosi, 15 Novemba

Yametimia sabini na tatu. Yote yamefungwa, kila ncha niliyoikata imerudishiwa ua lake. Nimemfidia Kibeti deni lote. Tawi la nyuma nimeliacha, bado tumbo haliingii.

Nilirudi nyuma hatua nne, nikafumba jicho moja. Mungu wangu, anapendeza! Nikasikia uchungu kidogo kwamba hakuna atakayejua ni kazi yangu. Mafundi wengi wamekufa hivyo.

Jumapili, 16 Novemba

Naandika haya yote kwa mpangilio, maana kichwa kimechanganyikiwa.

Saa nne mke wangu na Mama mkwe wamefika pamoja. Nilikuwa nimemvua Kibeti shuka. Jua limempiga sawasawa, waridi tupu. Mke wangu alisimama getini na mkoba begani. Akaweka mkono mdomoni. Kisha akanitazama mimi, namna ambayo hajanitazama tangu mwaka wa kwanza wa ndoa. Ilikuwa tamu na iliniumiza. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, ila baada ya dakika tano hivi.

Akataka kumkimbilia Kibeti. Nikamzuia, nikasema tumwache mama atangulie, ndiyo adabu. Nikamkalisha Mama mkwe kwenye kiti nilichokwisha kukipima. Nikampa chai. Akatazama kwa muda, akasema hata marehemu mzee hakuwahi kuyapata mengi hivi. Kisha akaniambia, "Umefanya kazi, mkwe wangu." Nimeandika saa: saa nne na dakika kumi.

Saa nne na robo akaingia Shemeji Miwani. Mbele toroli, mgongoni bomba la kunyunyizia, lile la shambani. Akamwamkia mama yake. Akanipongeza. Akasema kwa jua hili maua ya namna hii yanahitaji kuburudishwa kidogo. Nikasema nimeshampa maji. Akasema kidogo tu, shemeji. Alikuwa ameshapiga pampu.

Sitaki kueleza sana. Waridi liliteremka kwenye matawi, likashuka kwenye shina, likajaza chungu, likatiririka sakafuni mpaka kwenye kandambili za Mama mkwe. Ua moja likadondoka, likakaa pale kama leso iliyopengewa kamasi. Kisha yakafuatana.

Mke wangu hakuutazama mti. Alinitazama mimi.

"Vile vitumba," akasema, "ulivikata wewe?"

Nikasema ndiyo. Nikasema nilitaka vichanue. Hata mimi nilisikia lilivyokuwa jibu la kijinga. Akaketi kwenye ngazi ya baraza, mkoba bado begani, akalia bila sauti. Nimeshona viatu vya kila namna, vilivyopasuka, vilivyoliwa na mbwa. Pale sikuona pa kuanzia. Sijawahi kujichukia hivyo.

Shemeji angeishia hapo, leo Kibeti angelala kwake. Mtu akishinda aende nyumbani. Lakini alitaka mama yake aone mpaka mwisho, asije akasema kuna upande haukukaguliwa. Akakumbatia chungu, akakizungusha, mgongo wa Kibeti ukaja mbele. Akanyunyizia tawi la nyuma.

Hakikudondoka kitu. Akanyunyizia tena. Kwenye ncha palikuwa na kishada cha vitumba, na kimoja kilikuwa kimefunguka. Ua dogo, la waridi, lenye makunyanzi, na maji yamekaa juu yake matone matone. Shemeji akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Ua lilikuwa bado lipo.

Mama mkwe akainuka. Akakanyaga rangi yangu yote, akaenda, akainama, akalishika kwa vidole viwili, akalinusa. Akasema hili halinuki kiatu. Mke wangu alikuwa ameshasimama nyuma yake, uso wote umelowa, analia kwikwi.

Shemeji akajitetea. Akasema ua moja katika mti mzima si kuchanua, ni bahati mbaya. Kesi ilikuwa juu ya kuchanua.

Mama mkwe akarudi kitini. "Nilisema ukichanua," akasema. "Sikusema maua mangapi."

Basi. Kibeti ni wetu! Shemeji ameondoka na toroli tupu. Nilimfungulia geti, nami nikamshika mkono kwa mikono yangu yote miwili.

Mke wangu hakuongea nami mpaka mama yake alipoondoka. Aliingia karakana, akatoka na chaki yangu ya kuchorea ngozi. Akapima hatua tatu kutoka kwenye chungu, akachora mstari barazani ukuta hadi ukuta. Akanisimamisha mbele yake, akasema, "Mguu wako usivuke hapa. Umenisikia? Rudia." Nikarudia. Akanimiminia chai, lakini aliiweka mbali kidogo na mimi. Nadhani ni msamaha wa nusu.

Mama mkwe alipoaga alisema tumwambie yule fundi viatu amtafutie kandambili nyingine. Nilikuwa mkwe kwa dakika tano. Zipo kwenye maandishi.

Jumanne, 18 Novemba

Nyumba ina amani. Maua mawili zaidi yamefunguka kwenye tawi la nyuma. Chungu kimebaki vile vile kilivyozungushwa, mgongo mbele. Mke wangu amekaa na Kibeti saa nzima asubuhi, anaimba. Akampigia mama yake simu amsimulie ua moja moja. Nilimsikiliza nikafurahi sana. Viatu vya mwalimu mkuu vimekwisha. Nimemwahidi mke wangu kwamba nimejifunza, na nilipoahidi niliamini.

Sharti nalitii. Nakaa nyuma ya mstari na chai yangu. Na nikiri, kutoka huku mtu anaona vizuri zaidi. Kibeti anaegemea. Kumbuka, mbele alinyolewa, nyuma hakunyolewa. Uzito wote uko upande mmoja. Anafanana na mtu aliyevaa kiatu kimoja chenye kisigino. Marehemu mzee asingeliacha vile hata siku moja.

Nimelitafakari sana lile neno la Mama mkwe. Ana hekima yule mama. Sheria ni kile kilichosemwa. Kwangu ulisemwa mguu. Mpini wa ufagio haukutajwa.

Mkasi wa ngozi nimeufunga kwenye ncha ya mpini kwa uzi wenye nta, na kamba ya kuvutia. Nimeujaribu kwenye majani ya jirani juu ya ukuta. Unafika hatua tatu na nusu na unakata safi. Kesho mke wangu anatoka saa tatu. Sitapogoa sana. Nitapunguza kitawi kimoja tu, hiki chenye maua.